Watu wa Tarehe Thelathini na Moja

22 Aprili

Mwalimu, dada yangu,

Nakuandikia barua kamili badala ya kukuandikia kule ubaoni kwa sababu ubao wetu wa kazi, tangu tuuhamishie kwenye simu, umekuwa kama kibaraza cha sokoni. Kila neno linasomwa na timu nzima, na Meneja juu yake. Haya nataka uyasome wewe peke yako.

Leo ni siku ya kumi na mbili niko wodini na mama. Daktari anasema moyo wake umechoka, kama vile ni mtu anayehitaji kiti tu apumzike. Kompyuta niliiacha ofisini nikidhani naondoka siku tatu, kwa hiyo kazi yote naiendesha kwa simu. Nikiamka nafungua ubao naangalia nani kamaliza, nani kakwama, nani anasubiri neno langu. Nagawa kazi kwa kidole gumba. Nasoma mistari ya programu mliyoandika nyinyi watu sita kwenye kioo kisichozidi kiganja, naandika maoni, nabonyeza "kubali" au "rudisha". Mama akisinzia nafanya kazi. Akifumbua macho naisukumia simu chini ya shuka kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Kaka yangu hafichi hasira zake. Jana kaniuliza mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili, "Hivi wewe unamuuguza mama au unaiuguza simu?" Nikacheka ili yapite. Nilicheka peke yangu.

Sasa la kazi. Muuguzi wa ile zahanati ya mtaani kwenu kanipigia. Unawakumbuka wagonjwa waliopangiwa kuchukua dawa kila tarehe 31? Wako kumi na mmoja. Mwezi ukiwa na siku thelathini mfumo wetu hauwatumii ujumbe wa kuwakumbusha, kwa sababu tarehe yao haipo. Miaka miwili huyu muuguzi amekuwa akiwapigia mwenyewe, mmoja mmoja, wala hajawahi kutulalamikia. Sasa anahamishwa, anaondoka tarehe 29. Tarehe 30 hakutakuwa na mtu wa kuwapigia.

Naomba uichukue wewe. Jina lako nimeshaliweka ubaoni, ila nilitaka ujue kwa nini nimekuchagua. Wengine ni wepesi. Wewe ni makini.

Nahodha

*

26 Aprili

Nahodha, mdogo wangu,

Pole kwa mama na pole kwa kiti cha hospitali, maana navijua viti vile. Vinatengenezwa na watu wasio na mgongo.

Kazi yako nimeimaliza. Nilipoanza nilidhani ni suala la kuongeza neno moja, nikajikuta nimeandika upya sehemu nzima ya kalenda, kurasa kumi na saba. Usininunie. Unajua mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kuijia kazi hii na mvi zangu kichwani, na siwezi kuona hesabu iliyoandikwa ovyo nikaiacha. Sasa mwezi ukiwa mfupi, watu wa tarehe 31 wanasogezwa hadi siku ya mwisho ya mwezi, na ujumbe unawafikia asubuhi ya siku hiyo. Nimeijaribu kwa Februari, kwa Aprili, kwa Juni, kwa Septemba na kwa Novemba. Zote zimetoa alama ya kijani. Nilisimama peke yangu jikoni nikajipigia makofi, mwanangu akaniuliza nimeua mbu wangapi.

Lakini kanuni ni yako mwenyewe, kwamba hakuna mstari unaoingia bila Nahodha kuusoma na kuukubali. Nakuomba usome mstari kwa mstari, siyo kwa kunihurumia. Kama hali ya mama hairuhusu, niambie mapema, nimwombe Meneja akubali badala yako. Nasema hivi kwa nia njema. Ila tarehe 30 ni Jumanne, na muuguzi kanipigia leo kuniaga.

Msalimie mama. Mwambie kuna mwalimu hamjui anamwombea.

Mwalimu

*

30 Aprili

Nahodha!

Wamepata. Wote kumi na mmoja, saa moja kamili asubuhi. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwaona wanapita mmoja baada ya mwingine kama watoto wanaoingia darasani, nikihesabu kwa vidole. Mchana nikatembea hadi zahanati kwa miguu yangu. Muuguzi mpya akanionyesha daftari: tisa walishachukua dawa, wawili wakaja nikiwa palepale. Mmoja ni kinyozi wa pale karibu na shule, mzee mchangamfu, kanikagua kichwa akaniambia nywele zangu zimekatwa na adui.

Nisamehe kwa kukupigia mara nne Jumapili. Nilijua unauguza, lakini nilikuwa nahesabu saa. Nilipoona umekubali, na umeandika lile neno lako moja tu, "Safi", nilikaa chini.

Mbona kimya tangu siku hiyo? Ubaoni hujaonekana. Mama anaendeleaje?

Mwalimu

*

7 Mei

Mwalimu,

Mama amefariki. Ilikuwa Jumapili ile, tarehe 28, mchana. Tumemzika Jumatano.

Kaka alikuwa ametoka kwenda kuleta maji ya moto. Mimi nilikuwa kando yake. Hakuhangaika.

Nitabaki huku nyumbani kwa mama kwa muda, kuna vitu vya kupanga. Ubao naufungua kwa simu kama kawaida, kwa hiyo kazi zisisimame. Hongera kwa tarehe 30.

Nahodha

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu na sijui niweke wapi mikono. Na mimi nilikuwa nakuandikia habari za makofi na nywele! Nisamehe.

Nashukuru kwamba ulikuwa kando yake. Mama yangu mimi aliondoka nikiwa darasani naandika kipeo cha pili ubaoni, na hadi leo nikiona chaki nasikia vibaya. Wewe angalau hilo limekuepuka. Lishike.

Kazi tutaibeba. Lala.

Mwalimu

*

17 Juni

Nahodha,

Nimeacha siku tatu zipite ili nisikuandikie kwa hasira. Hazijatosha.

Ulikuwa kwenye simu ya kikao, kwa hiyo unayajua, lakini nayaandika ili tuwe na maneno mamoja. Mei ina siku thelathini na moja. Tarehe 31 Mei, watu wetu kumi na mmoja hawakutumiwa chochote. Mstari nilioandika uliwasogeza vizuri kwenye miezi mifupi, ila mwishoni mwake, kwa neno moja nililoliweka upande usio wake, ukawatoa kabisa kwenye miezi mirefu. Miezi ambayo haikuwahi kuwa na tatizo! Ndiyo maana sikuijaribu. Nani anaenda kumpima mtu asiyeumwa?

Kumi walikwenda zahanati wenyewe, wana kalenda zao. Wa kumi na moja ni yule kinyozi. Alikaa wiki mbili bila dawa ya presha. Tarehe 13 alianguka akiwa anamnyoa mteja. Yuko hai. Mkono wa kulia hausogei, na maneno yake yanatoka yamekunjamana. Nilikwenda hospitali, mkewe akanizuia mlangoni, akaniuliza mimi ni nani. Nikaacha matunda kwenye benchi nikaondoka kama mwizi.

Sasa kikao. Meneja alinisimamisha kazi palepale, na sikumlaumu, mstari ni wangu. Lakini alipouliza, "Nani aliusoma kabla haujaingia?" nilikusikia ukisema, "Nilikubali mimi." Neno moja zaidi hukuongeza! Kila aliyekuwepo alielewa, na mimi nilielewa. Ulikuwa na mama anayekata roho, ukabonyeza ili simu inyamaze. Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Ila nilikuandikia: niambie mapema, nimwombe Meneja. Niliandika!

Sema tu kwamba hukusoma. Usiniache nimebeba peke yangu, kwa sababu mimi sikuwa na msiba wa kusingizia.

Mwalimu

*

20 Juni

Mwalimu,

Ni kweli. Nilibonyeza bila kusoma.

Nimemwandikia Meneja maneno hayohayo, na kwamba kosa la mwandishi hutokea ndiyo maana kuna msomaji, na kwamba mimi ndiye msomaji. Nimeacha kazi kuanzia leo. Atakurudisha, amenihakikishia.

Usinijibu.

Nahodha

*

2 Julai

Nahodha,

Umesema nisikujibu. Mimi ni mkubwa wako kwa miaka kumi na tatu, nitajibu.

Meneja kanirudisha, na si hivyo tu, kanikalisha kwenye kiti chako. Kwa muda, anasema. Sikukitaka. Lakini kiti chako kina dirisha ambalo sisi wengine hatukuwa nalo. Mwenye kuongoza anaweza kufungua kumbukumbu za ubao na kuona kila mtu kagusa nini, dakika gani. Jana nilikwenda kutafuta Jumapili ile. Nitakwambia ukweli, nilikwenda ili niione aibu yako kwa macho yangu, nipumue.

Nikakuta kurasa kumi na saba. Kila moja ina alama yako ya kuonyesha imesomwa, na saa. Ya kwanza, saa nane na dakika sita mchana. Ya pili, saa nane na dakika tisa. Kuna moja umekaa nayo dakika tano. Ukurasa mmoja umeurudia mara mbili. Ya mwisho, saa nane na dakika hamsini na mbili, na hapo ndipo ulipokubali. Dakika arobaini na sita. Nimefundisha darasa zima kwa muda mfupi kuliko huo.

Kwa nini umenidanganya? Kwa nini umemdanganya Meneja, ukaacha kazi kwa kosa ambalo hukulifanya? Mtu huficha kwamba hakusoma. Sijawahi kuona mtu anaficha kwamba alisoma.

Halafu nilipokuwa nasuka nywele za binti yangu jioni, mikono ikasimama. Uliniandikia mama alifariki Jumapili hiyo, mchana.

Mdogo wangu. Ulisomea wapi?

Mwalimu

*

8 Julai

Dada,

Kwenye korido, karibu na sinki la kunawia. Kuna ukingo wa saruji pale, nilikalia huo.

Nitakueleza mara moja, halafu tusirudie.

Mama alikuwa macho Jumapili ile, na alikuwa mzuri kuliko siku zote. Alikula vijiko sita vya uji. Simu ikawa inatetemeka chini ya mto. Mara ya nne akaniambia, "Pokea basi, huyo mtu ana shida." Nikamwambia, "Ni kazi tu mama, kuna wagonjwa wanasubiri ujumbe." Akafikiri kidogo, akasema, "Wagonjwa wenzangu. Nenda. Ila ukirudi unigeuze upande wa dirishani, ubavu huu umechoka." Nikamwambia nakuja, dakika tano.

Ningeweza kumgeuza kwanza. Ni kazi ya dakika moja.

Nikakaa pale nikasoma. Nilisoma kwa sababu uliniomba nisome, na kwa sababu nilijua nikiufungua tu na kubonyeza, hao watu kumi na mmoja nitakuwa nimewauza. Mistari yako ni mirefu, Mwalimu, na simu yangu ni nyembamba. Mstari ukizidi kioo, mwisho wake hauonekani mpaka uuvute kwa kidole. Nilivuta yote. Kila mmoja nilivuta. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kuna mmoja ambao sehemu iliyoonekana ilikuwa sahihi kabisa. Nilipoweka kidole niuvute, mtu akakohoa ndani ya wodi. Nikadhani ni mama, nikainua kichwa, nikasikiliza. Kukawa kimya. Niliposhusha macho nikaendelea na mstari uliofuata.

Nimeutazama tena juzi kwenye kompyuta ya jirani. Neno lenyewe liko palepale mwishoni, herufi nne nje ya kioo.

Nilipokubali nikaandika "Safi", nikanawa uso, nikarudi. Muuguzi wa wodi alikuwa ameshamlaza chali, amemnyoosha. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji ya moto. Akanitazama mkononi, akaniuliza, "Simu imepona?"

Hajanisemesha tangu hapo, isipokuwa mbele ya wageni.

Sasa unaniuliza kwa nini nilificha. Kila mtu kwenye kikao alidhani nilibonyeza ovyo kwa sababu mama alikuwa anakata roho mikononi mwangu. Niliwasikia wakidhani hivyo, mpaka kimya chao kilikuwa na huruma. Kama sikusoma, basi nilikuwa na mama. Ndicho nilichotaka kiandikwe mahali. Nikisema nilisoma, nimewakosa wote wawili, mama na yule kinyozi, siku moja, kwa dakika zilezile.

Samahani nilikwambia nilikuwa kando yake. Uliniambia nilishike hilo, nikashika kitu ambacho sikuwa nacho.

Nahodha (niite jina lolote, hilo si langu tena)

*

14 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nne.

Nianze na langu. Zile simu nne nilizipiga mimi. Nilizipiga nikijua uko wodini, kwa sababu nilitaka kazi yangu nzuri ionekane imeingia kabla ya wakati. Nilikuambia nia njema, na njema ilikuwepo, lakini na majivuno yalikuwepo. Ningeweza kumpigia Meneja. Sikumpigia kwa sababu Meneja hasomi, anabonyeza tu, na mimi nilitaka msomaji anayejua kusoma anisifu. Hilo nalo liandikwe mahali.

La pili. Nimemwonyesha Meneja kumbukumbu za Jumapili ile. Ya mama yako sikumwambia, hayo ni yako. Nimemwambia tu, "Alisoma yote, hizi hapa saa zake, na bado likapita. Kwa hiyo tatizo si mtu mvivu. Tatizo ni kwamba tumemwachia mtu mmoja mwenye simu kuwa mlango wa mwisho." Kasirika ukitaka. Siwezi kula mshahara uliopikwa kwa uongo wako, hata kama uongo wenyewe ulinisaidia.

Mwisho akasema kuanzia sasa kila badiliko linalogusa dawa lisomwe na watu wawili, mmoja wao akiwa mbele ya kioo kikubwa, na kila mwezi wa mwaka ujaribiwe, mrefu na mfupi. Kwenye simu tutagawa kazi, tutaulizana, tutakumbushana, lakini kukubali hapana. Na akasema milango iko wazi, urudi, siyo kwenye kiti kile bali kwenye timu. Nimemwambia nitakuuliza.

La tatu ni gumu. Mke wa kinyozi amenitafuta. Mumewe ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mkewe anasema kila siku anauliza kitu kimoja, na maneno yake yakiwa vile yalivyo ilimchukua wiki kuelewa: anataka kumwona mtu anayetuma ujumbe. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ni wa matunda. Yeye anamtaka mkubwa wenu."

Njoo. Nitakaa nawe kwenye basi, nitasimama nawe mlangoni.

Na kaka yako mwambie. Siyo ili akusamehe. Mwambie kwa sababu anaishi na kipande kimoja cha siku ile, na wewe kingine.

Mwalimu

*

1 Septemba

Dada,

Siku ile ya kinyozi ulibaki nje kwenye benchi, na njia nzima ya kurudi sikuweza kusema kitu, wala hukuniuliza. Nashukuru kwa kutoniuliza. Sasa naweza.

Lakini kwanza kaka. Nilimwambia tukiwa tunakunja nguo za mama, kwa sababu ukikunja nguo huna haja ya kumtazama mtu. Nikamwambia yote, na ubavu, na dirisha. Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Mimi maji ya moto niliyachukua dakika ya mwisho." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema alikuwa nje ya geti, kwenye gari la jirani aliyetuletea chakula. Alikaa humo apumzishe miguu, akalala usingizi. Siku kumi na nane hakuwa amelala sawasawa. Alipoamka akakimbia, akajaza chupa njiani ili awe na sababu, akafika mlangoni kabla yangu kwa hatua tano. "Ilibidi mmoja wetu awe mbaya," akaniambia, "na wewe ulikuwa na simu mkononi." Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Alinipa gauni la mama la kitenge cha bluu akasema hili ni lako, litakutosha. Sasa tunaongea. Kidogo, lakini tunaongea.

Kinyozi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, wamekileta sebuleni kutoka kibandani. Mkewe alisimama nyuma yake akinitafsiria, kwa sababu neno moja linamchukua muda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikajitambulisha, nikamwambia ujumbe wa Mei haukuja kwa kosa letu, kwamba mwenzangu aliandika vibaya na mimi nilisoma na sikuona. Nilisema nilisoma. Ni mara ya kwanza nimelisema kwa mdomo.

Akauliza, "Ulisoma?"

Nikamwambia, "Nilisoma yote, mzee. Neno moja likanipita."

Akatikisa kichwa kidogo, siyo kwa kukubali wala kukataa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Akasema miaka miwili, kila ujumbe ukija, yeye alijibu. "Asante." Kila mwezi. Alidhani kuna msichana mahali fulani, ana daftari, anaandika majina yao kwa mkono. Alijua hata sura yake, alivyomfikiria. Kwenye miezi mifupi sauti ya muuguzi ilipompigia, aliamini ni yuleyule. Na Mei, dawa zilipokwisha na ujumbe haukuja, hakuona kwamba amesahauliwa. Mkewe alilirudia mara mbili ili nilisikie vizuri: "Alidhani ndiyo amepona. Alidhani mmemwondoa kwenye orodha kwa sababu amepona. Siku hiyo alininunulia soda."

Dada, pale ndipo nilipolia, na si kwa adabu.

Aliningoja nimalize. Kisha akauliza, polepole sana, kama zile asante zake zilikuwa zinafika.

Nilikuwa na jibu zuri mdomoni. Ningesema zilifika, tulizisoma, tulifurahi. Ni uongo wa huruma, na mimi kwa uongo wa huruma nimeshapata mazoezi. Nikamwambia, "Hapana, mzee. Zilikuwa haziendi kwa mtu yeyote. Namba ile inatuma tu, haipokei."

Mkewe akataka kunitoa, mzee akamzuia kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Basi zipokee."

Hakusema amenisamehe. Wala sikumwomba.

Ndiyo maana nilirudi kazini na sharti moja tu, kwamba namba ile ianze kupokea, na ndiyo maana nilikusumbua wiki tatu na ile kazi uliyoiona ubaoni kwa jina langu. Ulishangaa ninavyokuandikia kutoka kwenye simu kila baada ya nusu saa, utume hiki, umkumbushe fulani kile. Umeisoma wewe kwa kioo kikubwa, kaisoma na mwenzetu wa pili, mkanirudishia mara tatu. Mara ya tatu nilikuchukia. Ulikuwa sahihi.

Jana ilikuwa tarehe 31. Saa moja asubuhi ujumbe ukaenda kwa wote kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza namba yetu ikawa inapokea. Nilikaa mezani kwa mama, karibu na dirisha, simu mbele yangu. Majibu yakaanza kuja. "Sawa." "Nimepata." Mmoja kauliza, "Nyinyi ni nani?" nikamwandikia kazi yangu na zahanati yake, akajibu, "Haya." Mwingine katuma picha ya mjukuu wake bila neno lolote. Nilijibu kila mmoja. Kufika saa sita walikuwa wamejibu tisa, na kinyozi hayumo. Saa nane hayumo. Nikataka kupiga simu, nikajizuia, nikapiga deki chumba chote.

Saa kumi na dakika kumi ujumbe ukaingia kutoka kwenye namba yake. Ameandika mkewe, kwa sababu mkono bado.

"Amechukua."

Mdogo wako